Jinja2 3.1 na nyaraka zilizoanguka bila kuguswa: uchambuzi wa kisa cha Machi 2022

Tarehe 24 Machi 2022 kundi la Pallets, wanaotunza Flask na maktaba zinazoandamana nayo, walitoa toleo la 3.1.0 la Jinja2, maktaba ya kujaza violezo vya kurasa. Siku hiyohiyo nyaraka za miradi mingi ya Python zikaanza kugoma kujengwa, ikiwemo miradi ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa kwa muda mrefu. Msimbo ulikuwa uleule na mipangilio ileile. Mtu alirekebisha kosa la tahajia kwenye ukurasa wa utangulizi, akasukuma mabadiliko yake, na Read the Docs, huduma inayojenga na kuhifadhi nyaraka mtandaoni, ikamrudishia ujenzi ulioshindwa wenye mstari huu chini kabisa:

```
ImportError: cannot import name 'environmentfilter' from 'jinja2'
```

Wengine waliona `contextfunction` badala ya `environmentfilter`. Chanzo ni kimoja.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinafunua jambo ambalo anayechapisha kifurushi chake cha kwanza kwenye PyPI, ghala la umma la vifurushi vya Python, huwa haambiwi mapema. Nyaraka za kifurushi zina vitegemezi vyake, yaani vifurushi vya wengine zinavyovihitaji, na vitegemezi hivyo vinafuata kanuni iliyo kinyume cha ile ya kifurushi. Kifurushi kinapaswa kukubali matoleo mengi ya maktaba za wengine, maana kitasakinishwa kwenye mashine usizozijua, kando ya vifurushi usivyovijua. Nyaraka zinajengwa mahali pamoja tu, kwa kazi moja tu, kwa hiyo zinapaswa kufungwa matoleo yote, yaani kutajiwa toleo moja kamili la kila kifurushi, hadi kitegemezi cha mwisho kabisa. Walioumia zaidi mwezi ule wa Machi ni waliofunga nusu.

Neno moja kwenye faili, vifurushi ishirini kwenye mashine

Sphinx, programu iliyokuwa ikijenga nyaraka hizo, ilianzishwa na Georg Brandl kwa ajili ya nyaraka za Python yenyewe, na toleo lake la kwanza lilitoka 2008. Kazi yake imegawanyika. Docutils inasoma maandishi ya reStructuredText na kuyageuza kuwa mti wa vipengele; Pygments inapaka rangi mifano ya msimbo; halafu matokeo yanamiminwa kwenye violezo vya Jinja2 ili yawe kurasa za HTML. Jinja2 nayo haisimami peke yake. Inahitaji MarkupSafe, maktaba ndogo inayohakikisha kuwa herufi kama `<` na `&` hazivurugi ukurasa.

Kwa hiyo ukiandika neno moja, `sphinx`, kwenye `docs/requirements.txt`, faili la vifurushi vinavyohitajika na nyaraka, umesakinisha takriban vifurushi ishirini. Hukuvichagua, na pengine hujawahi kuvisikia, lakini kila kimoja kina watunzaji wake, kalenda yake na haki ya kubadilika siku yoyote.

Sasa tuangalie hasa palipovunjika. Jinja2 inaruhusu kazi (functions) za Python kuitwa ndani ya kiolezo. Baadhi ya kazi hizo zinahitaji kupewa muktadha wa kiolezo au mazingira yake, na zamani ulizitambulisha kwa vipambo (alama za `@` zinazowekwa juu ya kazi) kama `contextfunction`, `contextfilter` na `environmentfilter`. Majina yalikuwa mengi kwa jambo lilelile. Jinja2 3.0, iliyotoka tarehe 11 Mei 2021, ikayapunguza yakawa matatu: `pass_context`, `pass_eval_context` na `pass_environment`. Majina ya zamani yakabaki, lakini kila yalipotumika yalitoa onyo kwamba yataondolewa. Kwenye 3.1 yakaondolewa kweli.

Sphinx za mfululizo wa 3 zilikuwa na mstari ndani ya `sphinx/util/rst.py` unaoingiza `environmentfilter` moja kwa moja kutoka Jinja2. Za zamani zaidi, kama 1.8, ziliingiza `contextfunction` ndani ya `sphinx/jinja2glue.py`. Mistari yote miwili iko juu kabisa ya faili, kwa hiyo Sphinx ilianguka kabla ya kusoma hata ukurasa mmoja wa nyaraka zako. Ndiyo maana hakuna aliyeweza kuzunguka tatizo kwa kuondoa ukurasa au kubadilisha `conf.py`, faili la mipangilio ya Sphinx.

Watunzaji wa Sphinx hawakulala. Sphinx 4.0.2, iliyotoka Mei 2021, mwezi uleule wa Jinja2 3.0, tayari ilikuwa inajaribu kwanza majina mapya. Kama kila mradi ungekuwa kwenye 4.0.2 au zaidi, 24 Machi ingepita kimya. Swali la kujiuliza, basi, ni kwa nini miezi kumi baadaye miradi mingi ilikuwa bado kwenye Sphinx ya zamani huku ikipokea Jinja2 ya asubuhi ileile.

Kufunga nusu

Kulikuwa na njia mbili za kufika hapo.

Ya kwanza ni kufunga Sphinx peke yake. Faili nyingi za nyaraka zilikuwa na mstari `sphinx==3.5.4` na basi. Aliyeuandika alikuwa na nia njema: alitaka ujenzi wa kesho ufanane na wa leo. Lakini Sphinx 3.5.4 ilipochapishwa Aprili 2021, ilitangaza kwamba inahitaji `Jinja2>=2.3`, bila kikomo cha juu. Tangazo hilo liko ndani ya kifurushi kilichochapishwa na halirekebishiki kwa nyuma. pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, inapolisoma inafanya inachotakiwa kufanya: inachukua toleo jipya kabisa linaloruhusiwa. Tarehe 23 Machi toleo hilo lilikuwa 3.0.3, tarehe 24 likawa 3.1.0. Sphinx iliganda mahali pake huku Jinja2 ikiendelea mbele, mpaka zikaachana.

Ya pili ni kutofunga chochote na kuuachia mtandao unaokuhifadhia nyaraka ukuchagulie. Wakati ule Read the Docs, kwa mradi usiotaja toleo, ilisakinisha Sphinx ya familia ya 1.8 kama mradi ulifunguliwa kabla ya Oktoba 2020, na Sphinx mpya kabisa kama ulifunguliwa baada ya hapo. Sababu yao ilikuwa ya heshima: hawakutaka miradi ya zamani ivunjike kwa kurushwa ghafla kwenye Sphinx 2, 3 au 4. Ila 1.8.5 ilikuwa ya Machi 2019, nayo pia haikuwa na kikomo kwa Jinja2. Matokeo yake yalikuwa Sphinx ya miaka mitatu iliyopita pamoja na Jinja2 ya siku hiyo. Read the Docs waliongeza upesi kikomo cha `jinja2<3.1.0` kwenye vifurushi wanavyosakinisha wenyewe, na hilo lilisaidia. Lakini linaonyesha pia kwamba matoleo ya nyaraka zako yalikuwa yanaamuliwa na mtu mwingine, mahali ambapo hazina yako ya msimbo haionyeshi.

Kuna waliopita salama bila kujua. Jinja2 3.1 iliacha kutumia Python 3.6 na ikatangaza kuwa inahitaji 3.7 au zaidi. pip inaliheshimu tangazo hilo: kwenye mashine ya Python 3.6 inaliruka toleo jipya na kuchukua 3.0.3. Kwa hiyo aliyekuwa kwenye Python ya zamani kabisa alijenga nyaraka zake vizuri siku ile, huku mwenzake mwenye Python 3.9 akihangaika.

Wengine waliamini wamejikinga kwa alama ya `~=`. `Jinja2~=3.0` inamaanisha kuanzia 3.0 hadi kabla ya 4, kwa hiyo 3.1 inaingia. Aliyetaka kubaki kwenye 3.0 alipaswa kuandika `Jinja2~=3.0.0`. Sifuri moja ya ziada inabadilisha maana yote. Na kwa Pallets tarakimu ya katikati ikipanda, vilivyokwisha tangazwa kuwa vinaondoka vinaweza kuondoka. Hawangoji tarakimu ya kwanza. Anayedhani kila mradi wa Python unahesabu matoleo kwa kanuni moja atashtuka mara kwa mara.

Maonyo yaliyotolewa na hayakuonekana

Ni rahisi kuwalaumu Pallets, na nadhani lawama hiyo si ya haki. Walitangaza, wakatoa majina mbadala, wakaweka onyo ndani ya msimbo, wakasubiri miezi kumi. Tatizo ni kwamba onyo lenyewe, `DeprecationWarning`, Python hulificha kwa kawaida linapotokea ndani ya maktaba. Limeachwa lionekane tu pale linapotokea kwenye faili unaloliendesha moja kwa moja, au chini ya zana za majaribio kama pytest. Ujenzi wa nyaraka si hili wala lile. Sphinx iliyaita majina ya zamani kila siku, Jinja2 ikaonya kila siku, na skrini ikabaki safi.

Hata mipangilio mikali ya Sphinx isingesaidia. Ukiweka `-W`, au `fail_on_warning: true` kwenye Read the Docs, unageuza kuwa kosa yale maonyo ya Sphinx yenyewe: kiungo kilichovunjika, kichwa chenye mstari mfupi, ukurasa usio kwenye orodha. Maonyo ya Python yanapita njia nyingine. Ili uyaone unahitaji kuendesha ujenzi hivi:

```
python -W default::DeprecationWarning -m sphinx docs docs/_build/html
```

Ningeshauri kila mtunza kifurushi aiendeshe amri hii kabla ya kila toleo, hata kama hatafanya lingine lolote kati ya yanayofuata. Utaona orodha ya vitu vitakavyokuvunjikia mwakani, vikiwa na majina yake.

Plasta, na shimo lililokuwa chini yake

Tiba iliyosambaa ilikuwa mstari mmoja: ongeza `jinja2<3.1` kwenye `docs/requirements.txt`. Ilifanya kazi kwa wengi na sina ugomvi nayo kwa siku ya kwanza, maana mtu mwenye toleo la kutoa jioni hiyo anahitaji nyaraka zijengeke. Lakini waliorudi nyuma zaidi na kuandika `jinja2==2.11.3`, wakiona mfululizo wa 2 ndio ulio salama, walikutana na kosa jingine:

```
ImportError: cannot import name 'soft_unicode' from 'markupsafe'
```

Hili lilikuwa limeanza mwezi mmoja kabla. Februari 2022 MarkupSafe 2.1.0 iliondoa `soft_unicode`, jina lililokuwa limetangazwa kuondoka tangu 2.0 ya Mei 2021. Jinja2 2.11.3 bado inalitumia, na tangazo lake linasema `MarkupSafe>=0.23`, bila kikomo. Kwa hiyo umefunga Jinja2, na kilicho chini yake kimekuangusha.

Flask ndiyo inayolionyesha hili vizuri kuliko Sphinx. Mei 2021, siku mbili baada ya wimbi la matoleo mapya, mfululizo wa Flask 1.1 uliwekewa vikomo vya juu: Jinja2 chini ya 3.0, Werkzeug chini ya 2.0, na kadhalika. Ulikuwa uangalifu wa kweli. Lakini kikomo hicho kilimpeleka mtumiaji wa Flask 1.1.4 moja kwa moja kwenye Jinja2 2.11.3, nayo ikamchukua MarkupSafe 2.1.0, na programu ikafa Februari. Kikomo kwenye ngazi ya kwanza hakikulinda ngazi ya pili. Waliotumia MkDocs badala ya Sphinx hawakupona pia: 1.2.3 ilianguka kwa `contextfilter`, na watunzaji wake wakatoa matoleo yaliyorekebishwa tarehe 26 Machi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema dawa ni kila maktaba kuweka vikomo vya juu kwa kila kitegemezi. Ukiweka vikomo kwenye kifurushi chako, unambana mtumiaji wako: atashindwa kukisakinisha kando ya kifurushi kingine kinachohitaji toleo jipya, na pip itamwambia matakwa hayapatani. Huwezi kujua leo ni toleo lipi la kesho litakalokuvunja, na mara nyingi halitakuvunja. Vikomo viwekwe pale unapojua kwa hakika kwamba toleo fulani linavunja. Kufunga kabisa kuwe kwa yule anayesakinisha mwishoni, na kwa nyaraka, anayesakinisha mwishoni ni wewe.

Kuna kuvunjika kusikopiga kelele

Kabla ya tiba, niongeze kisa kidogo cha pembeni, kwa sababu kisa cha Jinja2 kinaweza kumfanya mtu aamini kwamba matatizo ya matoleo hujitangaza kila mara.

Aprili 2021 docutils 0.17 ilibadilisha namna inavyoandika HTML. Mandhari ya `sphinx_rtd_theme` 0.5.1 ilikuwa imeandikiwa muundo wa zamani. Ujenzi ulipita, rangi ya kijani ikaonekana, hakuna onyo. Lakini kwenye kurasa, nukta za orodha zilitoweka: orodha ya hatua tano ikawa mistari mitano isiyo na alama. Mandhari 0.5.2 ikaweka kikomo cha docutils chini ya 0.17, na 1.0.0 ya baadaye ikaikubali 0.17.

Mwenye mradi aliyekuwa haangalii kurasa zake angeweza kukaa miezi bila kujua. Kwa nyaraka, ujenzi kupita hakuthibitishi kwamba ukurasa unasomeka. Hii ni sababu nyingine ya kufunga matoleo: si kuzuia kuanguka tu, ni kuhakikisha kwamba mwonekano unabadilika siku uliyoamua wewe, ukiwa umekaa mbele ya skrini ukilinganisha.

Faili mbili

Tiba ya kudumu ni kutenganisha unachokitaka na unachokisakinisha. Unachokitaka kinaandikwa na mkono, kifupi, bila matoleo isipokuwa pale penye sababu. Kiite `docs/requirements.in`:

```
sphinx
sphinx-rtd-theme
myst-parser
```

Unachokisakinisha kinaandikwa na mashine. Ukiwa na pip-tools unaendesha `pip-compile docs/requirements.in`, nayo inatoa `docs/requirements.txt` yenye kila kifurushi, toleo lake kamili, na maelezo ya nani aliyekileta. Hiki ni kipande cha faili kama hilo jinsi lingeonekana mwishoni mwa Januari 2022:

```
docutils==0.17.1
    # via myst-parser, sphinx, sphinx-rtd-theme
jinja2==3.0.3
    # via myst-parser, sphinx
markupsafe==2.0.1
    # via jinja2
sphinx==4.4.0
```

Tazama mstari wa `markupsafe`. Hakuna binadamu ambaye angeukumbuka, na ndio unaozuia kosa la Februari. Mradi wenye faili hili ungevuka Februari na Machi bila hata kujua kuna kilichotokea, kisha ungepanda kwenda 3.1 kwa wakati wake kwa `pip-compile --upgrade`. Anayetumia uv, zana nyingine ya kazi hiyo, atapata jambo lilelile kwa `uv pip compile`, kwa kasi kubwa zaidi.

Kuna mtego mmoja hapa. pip-compile inapiga hesabu kwa Python na mfumo wa mashine unayoiendeshea. Sphinx inahitaji `colorama` kwenye Windows tu, na 4.4.0 ilihitaji `importlib-metadata` kwenye Python zilizo chini ya 3.10 tu. Ukitengeneza faili kwa Python 3.11 halafu nyaraka zikajengwa kwa 3.9, kuna kifurushi kitakachokosekana kwenye faili, pip itakichukua bila toleo lililofungwa, na umerudi kwenye kufunga nusu. Kwa hiyo Python ya kutengenezea faili na Python ya kujengea nyaraka ziwe moja, na hilo linaandikwa kwenye `.readthedocs.yaml`:

```
version: 2
build:
  os: ubuntu-22.04
  tools:
    python: "3.11"
sphinx:
  configuration: docs/conf.py
  fail_on_warning: true
python:
  install:
    - requirements: docs/requirements.txt
    - method: pip
      path: .
```

Tangu 25 Septemba 2023 Read the Docs haijengi mradi usio na faili hili, na naona waliamua vyema: matoleo sasa yanaonekana ndani ya hazina, anayekuja mwakani atayakuta. Usisahau alama za nukuu kwenye namba ya Python. Bila hizo, YAML inaisoma `3.10` kama namba ya desimali, yaani 3.1.

Mstari wa mwisho, `path: .`, unasakinisha kifurushi chenyewe ili autodoc, kiendelezi cha Sphinx, iweze kusoma maelezo yaliyo ndani ya msimbo. Maana yake ni kwamba vitegemezi vya kifurushi navyo vinaingia kwenye mazingira ya nyaraka. Kama kifurushi chako kinahitaji numpy na hukuiingiza kwenye hesabu, numpy itakuwa kitegemezi kisichofungwa. Njia safi ni kuweka mahitaji ya nyaraka kama kundi la hiari kwenye `pyproject.toml`, badala ya kwenye `requirements.in`, kisha kuhesabu yote pamoja:

```
pip-compile --extra docs -o docs/requirements.txt pyproject.toml
```

Kama kitegemezi ni kizito mno au kinahitaji vifaa ambavyo mashine ya ujenzi haina, `autodoc_mock_imports` kwenye `conf.py` inakiigiza, na autodoc inaendelea bila kukisakinisha.

Kufunga kuna gharama yake na haifai kuificha. Faili lililofungwa likiachwa linazeeka. Siku moja Python 3.11 itaondolewa kwenye mashine za ujenzi na utalazimika kupanda miaka mitatu kwa mkupuo, kama walivyolazimika waliotoka Sphinx 1.8 kwenda 4: `source_parsers` iliondolewa kwenye 3.0, `app.add_stylesheet` na `app.add_javascript` zikaondolewa kwenye 4.0, recommonmark, iliyokuwa ikisoma kurasa za Markdown, ikaachwa na watunzaji wake kwa ajili ya MyST. Waliokuwa na `conf.py` ndefu walikuwa na kazi ya kweli. Kwa hiyo weka kazi ya ratiba, mara moja kwa wiki inatosha, inayojenga nyaraka kutoka kwenye `pyproject.toml` bila matoleo yaliyofungwa na maonyo ya Python yakiwa wazi. Ikishindwa, haimzuii mtu yeyote. Inakuambia tu kwamba kuna linalokuja.

Mahali nyaraka zinapokaa

Ujenzi ukishindwa, Read the Docs inaendelea kuonyesha kurasa za ujenzi wa mwisho uliofaulu. Kwa msomaji hilo ni jema. Kwa mtunzaji linaficha tatizo: tovuti iko hewani, inafunguka, ila inaeleza toleo la mwezi uliopita. Washa taarifa za barua pepe za ujenzi ulioshindwa, na washa ujenzi wa majaribio kwa kila ombi la kuunganisha msimbo, ili kosa lionekane kabla ya kuingia kwenye tawi kuu.

GitHub Pages ni njia nyingine halali. Unajenga HTML mwenyewe na kupandisha kurasa zilizokwisha kamilika. Kumbuka tu faili tupu la `.nojekyll`, bila hilo, ukichapisha kutoka kwenye tawi, folda ya `_static` inaachwa nje kwa sababu jina lake linaanza na mstari wa chini, na kurasa zinatoka bila mitindo. Kwa kifurushi chenye matoleo kadhaa yanayotumika kwa wakati mmoja mimi ningebaki Read the Docs, kwa sababu kupanga `stable`, `latest` na matoleo ya zamani ni kazi ambayo tayari wameifanya. Tena ukiongeza `formats: [pdf, epub]` kwenye faili la mipangilio, msomaji anapakua kitabu kizima mara moja. Kwa mtu wa Mwanza au Kisumu anayesoma kwa bando la siku, hilo lina thamani ambayo watengenezaji wengi hawaifikirii.

Linabaki suala la tagi za zamani. Tagi ya `v1.2` katika git imeganda. Kama ndani yake `docs/requirements.txt` inasema `sphinx==3.5.4` tu, ukiijenga upya leo itaanguka kwa kosa lilelile la Machi 2022. Kurasa zilizokwisha jengwa ziko salama mpaka siku utakapobonyeza kitufe cha kujenga upya, au kuhamia mwenyeji mwingine. Usihamishe tagi, maana kuna watu na mashine zinazoitegemea. Fungua tawi kutoka kwenye tagi hiyo, liite kwa mfano `docs-1.2`, weka ndani yake faili lililofungwa kwa matoleo ya enzi hizo (Sphinx 3.5.4, Jinja2 3.0.3, MarkupSafe 2.0.1, docutils 0.16), ongeza `.readthedocs.yaml` yenye Python inayoyakubali, kisha uliwashe tawi hilo kwenye orodha ya matoleo na kuificha tagi. Utajenga kwa Python 3.8 au 3.9. Usipande hadi 3.10 kwa Sphinx ya umri huo bila kujaribu kwanza, kwa sababu Python nayo iliondoa majina yake ya zamani.